Siku Tuliyompeleka Monga Kafubu

Nilikuwa mtoto bado, wa kutumwa chumvi kwa jirani, nilipoambiwa kwamba mdogo wangu Monga si mtu bali ni nyoka. Aliyeniambia ni tantine Vero, dada yake baba. Alisema maneno hayo akila bukari yetu, yaani ugali, ndani ya nyumba yetu, na Monga mwenyewe nimembeba mgongoni.

Monga alizaliwa baada ya uchungu mrefu uliokaribia kumuua mama, na alichelewa kulia. Wenzake walipoanza kukimbiza mpira barabarani, yeye hakuweza hata kukaa. Miguu yake ilikakamaa na kupishana kama mkasi, shingo haikushika kichwa, mate yalimtoka muda wote. Leo najua hali ile inaitwa mtindio wa ubongo, najua inakotoka na najua la kufanya, maana ndiyo kazi inayonilisha. Lakini Kamalondo, mtaa wetu wa Lubumbashi, wakati ule mtoto wa namna hiyo alikuwa na jina moja tu: mutoto wa mayi, mtoto wa maji. Walisema ni nyoka wa mtoni aliyeingia tumboni mwa mwanamke. Akiachwa peke yake kando ya maji, hujigeuza akarudi kwao. Asiporudishwa, hula bahati ya nyumba mpaka iishe.

Na kwetu bahati ilikuwa imekwisha kweli. Baba alikuwa ameondolewa kazi ya reli, na siku nzima alikaa kwenye kiti chake akitazama ukuta.

"Unaona weye mwenyewe," tantine alimwambia. "Ile kintu iko inakula kazi yako. Kesho itakukula na weye."

Aliyejibu ni kambo, bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa akichekecha unga mlangoni. "Vero, ule mutoto eko na jina. Na weye Mungu hajamaliza kukuumba."

Tantine alicheka tu.

Mama alikwenda Kasumbalesa, mpakani, kuchukua unga wa kuuza. Siku hiyo hiyo, kambo akiwa misani, tantine alifika na nabii wa chumba chake cha maombi, katika gari dogo la mizigo. Baba alipanda nao, na mimi walinichukua kwa sababu Monga hakukubali mgongo mwingine. Wao walipombeba, alikakamaa na kupiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. Kwangu alinyamaza.

Yalikuwa majira ya baridi. Mto Kafubu ulikuwa umepungua, na mchanga wa ukingoni ulikuwa mkavu, mweupe chini ya jua. Nabii alinionyesha mahali karibu na matete.

"Mulaze pale, kwa tumbo, vile nyoka inalala. Kisha kuya huku, na usiangalie ku nyuma. Ukiangalia, na weye utageuka nyoka."

Nilimlaza. Niliogopa watu wakubwa kuliko nilivyoogopa mto. Nikaanza kurudi kwao. Tantine alinisubiri amefumbata mikono. Baba alisimama kando ya gari akitazama barabara, ametugeuzia mgongo sisi sote. Ndipo Monga akatoa sauti ile aliyokuwa akiniitia mimi, na mimi tu.

Nikageuka.

Alikuwa ameinua kichwa. Shingo ile iliyokuwa ikianguka kila siku sasa ilisimama, inatetemeka, mchanga umemjaa mdomoni, macho yananitafuta. Hakuyatazama maji hata kidogo.

Nilikimbilia kwake. Tantine akanifuata na kunishika mkono, nikamuuma mpaka nikasikia ladha ya damu, akaniachia. Nilimfunga Monga mgongoni kwa kitenge changu. Nabii akanikataza kupanda gari lake, kwa kuwa nimeshageuka. Basi tulirudi kwa miguu. Baba alitufuata nyuma, mbali kidogo, njia yote mpaka nyumbani. Hakunipokea mzigo. Hakulizungumzia jambo lile mpaka tulipomzika.

Baada ya siku chache ngozi ya miguu yangu ikaanza kubambuka. Kila mtu wa Lubumbashi anajua baridi yetu na vumbi lake vinavyokausha ngozi, lakini mimi nilielewa vingine. Nyoka huvua ngozi yake, na mimi nilikuwa nimegeuka. Nilijificha nyuma ya nyumba nikikagua magoti yangu kipande kwa kipande. Sikumwomba Mungu anizuie kuwa nyoka. Nilimwomba kwamba kama ni lazima, basi iwe upesi, na wa kwanza kumuuma awe tantine Vero.

Kambo ndiye aliyenikuta. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaleta mafuta ya mawese, akanipaka kuanzia nyayo. "Eko baridi tu, mama," aliniambia. Ngozi ikalainika. Ile sala sikuifuta.

Mama aliporudi na kusikia, hakupiga kelele. Alitafuta mahali pa kumpeleka Monga mpaka akapapata, kituo kidogo cha masista, kinachoishi kwa sadaka za watu. Mseremala wa parokia alitoa mbao za kiti, wajane walileta sabuni, mwenye gereji alitoa mabomba yaliyogeuzwa vyuma vya kushikilia wakati wa kujifunza kusimama. Miaka ikapita. Monga alijifunza kukaa, kisha kushika kijiko, kisha kusema, ingawa kila neno hulitoa kama anavuta ndoo kisimani. Kutembea peke yake hakuweza. Leo ni mwanamume mwenye ndevu, na ndiye anayetengeneza magurudumu ya viti katika kituo kile kile.

Mimi nilisomea kuwa kine, yaani mtu wa mazoezi ya viungo, na sasa nafanya kazi katika kituo hicho hicho. Katika masomo ya mwanzo mwalimu alitueleza kwamba mtoto wa namna hii hulazwa kifudifudi, ili shingo ipate nguvu. Nilitoka darasani nikakaa kwenye ngazi mpaka kipindi kikaisha.

Mwaka juzi tantine Vero alikuja kituoni. Siku hizi anakaa Golf, mtaa wa matajiri, katika nyumba ya ghorofa, na kanisani kwake wanamwita mama wa maskini. Alikuja na lori la viti vya magurudumu na mchele, na akina mama wenzake waliovaa sare ya kitenge, na kijana wa kupiga video. Hakunitambua. Alipita kati ya watoto akiwagusa vichwa, akamfikia Monga katika aproni yake yenye grisi, akamwekea kiganja kichwani, kamera ikamsogelea.

"Mungu akubariki, mutoto yangu."

Monga alinitazama.

Sista mkubwa aliniomba nitoe neno la shukrani. Nilimwambia tushushe kwanza viti. Nilimpandisha kila mtoto kwenye kiti chake, nikarekebisha mikanda, nikapima pa kuwekea miguu. Lori lilipobaki tupu, nilichukua kipaza sauti.

"Mama huyu ametuletea viti, na tunamshukuru," nilisema. "Mimi namjua zamani. Huyu aliyembariki sasa hivi ni mdogo wangu. Alipokuwa mtoto, mama huyu alimpeleka Kafubu aachwe kando ya maji, kwa sababu alisema ni nyoka. Mimi ndiye niliyembeba, na mimi ndiye niliyemrudisha."

Akina mama wa sare waligeuka kumtazama. Kijana wa video hakujua azime au aendelee, akaendelea.

"Ngoie?" tantine aliuliza.

"Eeh, tantine."

Akawageukia wenzake. "Ilikuwa zamani. Siye bote tulikuwa mu giza."

Monga aliinua mkono wake, na watu wakangoja, kwa maana kwake lazima ungoje.

"Apana," alisema. "Ilikuwa... muchana."

Tantine aliondoka bila kunywa maji tuliyomwandalia. Sista alinikaripia vikali, na alikuwa na haki, kwa sababu mchele haukuja tena. Lakini baada ya wiki kadhaa mmoja wa wale akina mama alirudi peke yake, bila sare, na mjukuu aliyefunikwa shuka kuanzia kichwa. Mtoto alikuwa hajawahi kutolewa nje kwa mchana. Sasa namlaza kifudifudi kwenye mkeka, na shingo yake imeanza kushika kichwa.

Wapo wanaoniuliza kama imani ile ilikuwa ujinga tu. Sijui. Mtoni sikumwona nyoka. Niliona mwanamume mwenye aibu ya kukosa kazi, na dada aliyempa mtoto wa kumtwika aibu hiyo. Wapo pia wanaouliza kama sasa nimetosheka. Nilipomwona tantine akipapasa mlango wa gari lake, nilifurahi, na furaha ile bado ninayo.

Jumapili nakwenda misa na Monga. Tukifika pale kanisa linaposema kwamba tunawasamehe waliotukosea, yeye huyasema maneno yote, polepole, akimaliza baada ya watu wote. Mimi hufunga mdomo na kumngoja amalize.