Kabari Mlangoni mwa Nyanya

(Jina la mwandishi tunalihifadhi sisi. – Mhariri)

Neno hili sijapata kumwambia mtu, hata rafiki ninayekaa naye dawati moja. Kila jioni, jua likishazama, mimi ndiye niliyekuwa nikimfungia nyanya yangu mlango kwa nje.

Nina umri wa miaka kumi na mitano, mwanafunzi wa shule ya misheni, na kwetu ni Magogoni, huku Kisauni. Baba yangu yuko vitani ng'ambo. Tangu aondoke mimi na mama tunatunzwa na ndugu yake mdogo, ambaye namwita ami. Ami hupakua mizigo bandarini. Ni mzee wa kanisa, hatuli mpaka asali, na karo yangu hulipa yeye. Mimi si msemaji. Nikiulizwa darasani hujibu nikitazama meza, ndiyo maana naandika.

Nyanya, aliyewazaa baba na ami, ana kibanda chake nyuma ya nyumba, cha udongo na makuti, chenye dirisha la ukubwa wa sahani na mlango mmoja unaofunguka kwa nje. Mchana huuwekea mlango jiwe ili upepo usiufunge, akakaa kizingitini akisuka ukili wa mikeka. Tunataniana sana. Huniita mke mwenza. "Mke mwenzangu," huniambia, "acha kitabu uje unikune mgongo. Mume wetu alituacha wajane sote wawili."

Baada ya Pasaka mtoto mdogo wa ami alishikwa na homa akafariki. Matanga hayajaondolewa, wa pili naye akaugua. Tangu hapo ami akaacha kula chochote kilichopikwa na nyanya, na mkewe akawa akiwaita watoto ndani kila nyanya anapopita uani. Nilimsikia akimwambia jirani, "Macho yale mekundu si ya moshi." Lakini ni ya moshi. Nyanya amepikia kuni maisha yake yote.

Siku moja ami alirudi kutoka kazini na kabari aliyoichonga kwa mbao za kasha la mizigo, nene upande mmoja, nyembamba upande wa pili. Akaniita.

"Abee, ami."

"Nyanyako siku hizi hutembea usingizini. Atatumbukia kisimani. Jioni akishaingia kulala, itie hii chini ya mlango, uigonge kwa kisigino. Alfajiri uitoe."

Sijamwona nyanya akitembea usingizini hata mara moja. Hata hivyo niliitikia. Anayekununulia daftari na kalamu si rahisi kumwuliza maswali.

Kabari ile, kadiri mtu aliye ndani anavyousukuma mlango, ndivyo inavyozidi kubana. Nyanya aliligundua hilo mwenyewe. "Mke mwenzangu," aliniambia asubuhi moja, "jana nilitaka kwenda haja, nikasukuma mpaka bega likauma. Ndio wivu huo, hata unanifungia?" Nikacheka naye.

Kisha ami akaanza kutoa vitu kibandani. Alianza na mahindi ya mbegu yaliyoning'inizwa juu ya meko. Halafu yakatoka majembe, kinu, na kiti cha marehemu babu. Mwisho akamtoa hata kuku aliyekuwa akiatamia pembeni, na mayai yake juu ya ungo, polepole asiyavunje.

"Ami, kuku ana nini?" nikauliza.

"Mle ndani mna joto," akasema.

Kilichobaki mle ni kitanda cha nyanya, nyanya mwenyewe, na makuti makavu ambayo mwaka huu ami amekataa kuyaezeka upya.

Wasomaji, nimesikia habari za vikongwe wengine walioitwa wachawi na watoto wao wa kuwazaa. Vibanda vyao vilishika moto, na kila mara watu wakasema ni kibatari kilichoanguka. Nyanya hana kibatari. Tangu vita vianze mafuta ya taa ni shida, naye hulala gizani.

Nilimwambia mama hofu yangu tulipokuwa tukiteka maji, ila sikumwambia kwamba anayetia kabari ni mimi. Akatua ndoo chini. "Neno hilo lisitoke tena kinywani mwako," akasema. "Baba yako hayupo. Tukifukuzwa hapa twende wapi? Na ukiwa umekosea, je? Umemwita muuaji mtu anayekulisha." Kisha akalia, nikajua kwamba hata yeye amekwisha kulifikiria neno hilo.

Nikienda kwa kasisi, ami ndiye mzee wake wa kanisa. Mzee wa mtaa ni rafiki yake. Baba nikimwandikia, jibu litachukua miezi. Na sina ushahidi ila kuku aliyehamishwa. Ninyi mlio wakubwa kwangu, mngekuwa mimi mngeshika njia gani? Naomba mnieleze, hata kwa maneno makali.

Lakini gazeti huchelewa kutufikia, nami sikuweza kungoja. Jumamosi jioni ami alikuwa barazani na majirani wakinywa chai. Nikatoka na mkeka, shuka na vitabu vyangu, nikapita mbele yao.

"Wewe, safari ya wapi?" ami akauliza.

Nilisema kwa sauti ili wote wasikie. "Nahamia kwa nyanya, ami. Kuanzia leo nalala naye. Sasa kabari atatutilia nani?"

"Kabari gani tena?" akauliza jirani mmoja.

"Maneno ya watoto," ami akasema.

Mwingine akacheka. "Wake wenza wamepatana!" Wote wakacheka isipokuwa ami. Yeye akaniuliza kwa upole, "Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika, ami."

Nikaingia. Nyanya alikuwa amekwisha kulala, nikatandika mkeka wangu karibu na mlango. Tangu siku hiyo nalala humo, na kila asubuhi kisimani nawaambia wanawake wote nilikolala.