Pampu Yenye Kiu

Juzi, huko Bahi, nilimwona fundi akifunga vali mpya kwenye pampu ya mkono, nikacheka peke yangu. Nilipokuwa mtoto, pampu ya kijijini kwetu ilinuka kutu, ilikoroma, na haikutoa maji mpaka imiminiwe kikombe cha maji kwanza. Niliamini ina kiu. Kumbe vali ya ngozi ilikuwa imechakaa, maji yakawa yanarudi chini.

Mchana mmoja shangazi alivua katambuga lake, kiatu cha tairi, akalikata, akachonga vali nyingine na kuifunga. Maji yakatoka papo hapo. Mimi nikaimiminia pampu kikombe changu.

"Unafanya nini?"

"Shangazi, leo hakuna aliyeinywesha."

Aliinua mguu wake peku kutoka kwenye mchanga wa moto. "Pampu unaihurumia. Na mimi je?"

Kikombe kilichofuata nilimmiminia mguuni.