Ndevu za Zambarau za Mwenyekiti

Nikitaja Kurui mbele ya shangazi yangu, watu wote sebuleni hunigeukia na kuanza kucheka kabla sijamaliza sentensi, kwa hiyo bora niisimulie aibu hii mwenyewe kuliko muisikie kwa wanaoitia chumvi (ingawa, kusema kweli, haihitaji chumvi).

Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimesoma fizikia, na kila nilipoambiwa jambo nilikuwa na tabia ya kuuliza, "Nani kasema?" Tulikuwa tukiishi Tangini kwa shangazi, pamoja na binti yake, Zaituni, ambaye alikuwa ameposwa na mwalimu mmoja mzaliwa wa Kurui aliyepangiwa kazi Songea. Baba wa mwalimu, Mzee Pazi, alikuja kwetu na wazee wenzake kuleta posa, na kama ilivyo desturi binti hakutoka ndani, basi wakaomba picha yake wampelekee kijana. Hapo nikajitokeza mimi na kamera niliyoazima kwa rafiki yangu wa chuo, yenye lenzi pana kama kikombe, ya kupigia hata gizani.

Rafiki yangu alikuwa ameniasa. "Mchana uibane hiyo lenzi, tundu lake liwe dogo. Ukiifungua yote itakutilia rangi pichani."

"Nani kasema?"

Nilitaka nyuma ya mtu kuwe na ukungu laini, kama kwenye magazeti ya nje, nikaifungua yote. Nikampiga picha Mzee Pazi akiwa amesimama mlangoni, na kesho yake nikampiga Zaituni chini ya upenu, anga jeupe nyuma yake. Filamu ya rangi siku hizo ilipelekwa mbali kusafishwa, na picha ziliporudi niliona uzi wa zambarau umezunguka nywele za Zaituni na mwingine pembeni mwa macho, nikajiambia ni kitu kidogo, nani atauona, nikaikabidhi picha yake kwa mshenga.

Jibu lilikuja upesi: posa imesimama. Mama wa kijana, Bi Tatu, alikuwa ameiona picha kabla haijapelekwa Songea, akasema hawezi kumwoza mwanawe msichana anayepaka nywele rangi na macho rangi. Na si familia ya hivi hivi, Mzee Pazi alikuwa mwenyekiti wa kijiji, na enzi hizo vijana wa chama walikuwa wakifukuzana na wavaa mawigi na sketi fupi, naye hakuna mkutano aliomaliza bila kuwasema wanaojipaka. Zaituni alilia siku nzima. Shangazi hakulia.

"Wewe ndiye uliyempiga picha," akaniambia, "wewe ndiye utakayekwenda Kurui."

Nikawakuta Mzee Pazi na Bi Tatu nje ya nyumba yao wakipukuchua mahindi pamoja na majirani. Nikatoa shikamoo zangu, nikaitikiwa, nikaanza kueleza: mwanga mweupe ni rangi nyingi pamoja, lenzi pana ikifunguliwa yote inashindwa kuzikusanya mahali pamoja, kwa hiyo pale cheusi kinapokutana na cheupe, zambarau inamwagika nje.

Bi Tatu akanisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu, mwanga unapaka watu rangi tangu lini? Mimi nimezaliwa juani, nimelima juani, mbona sijawa zambarau?"

Majirani wakacheka. Na mimi ningecheka, yangeishia hapo, lakini nilikuwa na ushahidi kwenye mkoba. Nikaitoa picha ya Mzee Pazi.

"Na huyu naye kajipaka?"

Ndevu zake nyeupe, mbele ya mlango wenye giza, zilikuwa zimezungukwa na zambarau kuanzia sikio hadi sikio, na kofia yake vilevile. Picha ikaenda mkono kwa mkono mpaka ikafika kwa mama mmoja jirani.

"Ehee, Mwenyekiti! Kumbe rangi unayotukataza umeimalizia ndevuni!"

Mtu mmoja alicheka hadi akapindua ungo wake. Mzee Pazi akaichukua picha, akaitazama, akanitazama.

"Kijana, umekuja kumtetea dada yako au kunivua nguo mbele ya watu?"

Akaingia ndani. Na mimi (naomba msinihukumu, ndivyo nilivyosomeshwa) nikamfuata hadi mlangoni nikipaza sauti, "Mzee, tazama na mabati ya paa hapo pichani! Hata mabati yana zambarau!"

"Nyamaza sasa," Bi Tatu akasema, akijifuta machozi ambayo sikujua ni ya kicheko au ya hasira. "Nitakuja Tangini mwenyewe."

Akaja kweli, na kipande cha sabuni ya mche. Akamketisha Zaituni uani, akamwosha kichwa kwa mikono yake, akasugua, akasuuza, akachungulia maji kwenye beseni. Vumbi tu. Akayamwaga.

"Haya. Mkwe wangu huyu."

Zaituni akaniangalia, nywele zikimtiririka maji. "Kaka Idi, kusoma kote kule, hukuona rahisi kuwaambia waje wanitazame?"

Nikaokota beseni, nikaenda kuliosha.

Ndoa ilifungwa. Mimi nilikatazwa hata kuishika kamera, nikapewa kazi ya kuchochea kuni chini ya pilau, na Mzee Pazi akaitikia shikamoo yangu kwa kikohozi. Nasikia tangu siku ile hotuba za vipodozi zilikoma kabisa Kurui. Lenzi pana naibana siku zote kukiwa na mwanga, hilo ni dogo, lakini pia nimeapa kwamba nikiwa na ushahidi mkononi sitautoa mbele za watu kabla ya kuangalia ni sura ya nani iliyomo.