Siku Kemuma Alipoimbia Kenya Bila Sauti

Edinah Kemuma alizaliwa upande wa Kisii, akaletwa Kericho angali anabebwa mgongoni, wazazi wake walipokuja kuchuma chai. Alipokua naye akavaa kikapu, na huko kwenye majani ndiko alikojifunza kuimba. Akianza wimbo bondeni, wachumaji wa kilima cha pili waliuitikia, na hata nyapara mkali alisahau kufoka. Baadaye aliolewa na Kimeli, mkulima wa Longisa mwenye ng'ombe wa maziwa na shamba la mahindi, wakapata binti, na watu wakamwita Mama Nelvine.

Katika kwaya ya kanisa alikuwa na mpinzani mmoja tu: Rebeccah Chepkirui, mwanamke mwembamba wa maneno machache. Kila mmoja aliamini yeye ndiye anayefaa kuongoza wimbo. Mwalimu Obure, mkuu wa kwaya, alimpa Kemuma kila mara, naye Rebeccah akawa mtu wa kuitikia. Hawakugombana. Walisalimiana vizuri, ila hakuna aliyewahi kumwita mwenzake nyumbani kwa chai.

Mwaka wa tisini na sita kwaya yao ikashinda wilaya, ikashinda mkoa, mwishowe ikachaguliwa kuiimbia Kenya katika mashindano dhidi ya Uganda, Tanzania, Zambia na Malawi. Yangefanyika Nairobi Jumamosi mchana na kuonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni. Longisa nzima ilijua pa kutazamia: dukani kwa Momanyi, mwenye televisheni ndogo isiyo na rangi, inayotumia betri ya gari.

"Mkimwona mke wangu, nyamazeni," Kimeli aliwaonya watu. "Nataka kusikia kila neno."

Ijumaa wakaondoka kwa basi la kukodi. Kemuma alikuwa na furaha isiyozuilika. Aliimba tangu Mulot, akaimba Narok, akatoa kichwa dirishani akiwaimbia hata wachunga ng'ombe. Mwalimu Obure alimsihi apumzike; wapi!

Asubuhi alipofungua mdomo kufanya mazoezi, ikatoka sauti ya jogoo mchanga anayejifunza kuwika. Wenzake wakacheka, wakidhani ni mzaha. Hapo hata ile ya jogoo ikakatika. Wakamletea maji ya moto, tangawizi, limau, asali. Hakuna kitu.

Kemuma alikaa kitako kwenye ngazi za ukumbi akalia kidogo. Kisha akajipangusa, akamwendea Rebeccah na kumnong'oneza, "Ongoza wewe."

"Usinichezee, Mama Nelvine."

"Sichezi. Maneno unayajua?"

Rebeccah akaangalia chini. "Tangu siku ya kwanza. Huwa namwimbia ng'ombe nikimkamua."

Wakajikuta wanacheka wote wawili, Kemuma kwa pumzi tu.

Zambia ilikuwa imetoka kuimba na ukumbi mzima ulikuwa umesimama. Taa zilipowageukia wao, Rebeccah akaanza kutetemeka. Kemuma, aliyesimama nyuma yake kidogo, akamwekea kiganja mgongoni, naye Rebeccah akaanza. Ilikuwa sauti nyembamba mwanzoni, kisha ikafunguka, ikapanda bila kulazimishwa. Kemuma alishangaa. Miaka yote hiyo alikuwa akiimba yeye. Hakuwahi kunyamaza amsikie mwenzake. Furaha ikamjaa mpaka mashavuni. Akawa anafuata kila neno kwa mdomo mpana usiotoa chochote, machozi yakimtiririka.

Zambia wakawa wa kwanza, Kenya wa pili. Waliposhuka jukwaani wakakutana na Wazambia, wakacheza nao ngoma kwenye ujia hadi walinzi wakawaomba wapishe.

Jumapili basi likafika Longisa na kukuta umati. Kimeli alimnyanyua mkewe juujuu.

"Tumekuona! Uso wako ulijaa televisheni yote! Na hiyo sauti sasa! Momanyi amelia!"

Kumbe kamera ilikuwa imemng'ang'ania Kemuma kwa kile kinywa chake cha furaha, na watu wakaamini ndiye aliyekuwa akiongoza. Kemuma akamwona Rebeccah anashuka na mfuko wake, hakuna anayemtazama. Akataka kusema, koo likakataa. Basi akamshika mkono, akampandisha kwenye ngazi ya basi, akaonyesha mdomo wa Rebeccah, kisha koo lake mwenyewe, akitikisa kichwa.

"Anasema nini?" Kimeli akauliza.

"Sauti ilikuwa ya Rebeccah!" Mwalimu Obure akapaza sauti. "Kemuma hana sauti tangu jana!"

Mama yake Kimeli, kikongwe asiyeficha neno, akauliza, "Sasa huyu wetu alikuwa anafanya nini pale mbele?"

"Alinishika mgongo, kogo," Rebeccah akamjibu bibi kwa heshima. "Bila yeye ningetoroka."

Kicheko kilichozuka hapo kilisikika mpaka hospitali ya Longisa. Wakamtaka Rebeccah aimbe, akaimba palepale kwenye ngazi ya basi, na Kimeli, aliyetaka kusikia kila neno, akaomba arudie.

Sauti ya Kemuma ilirudi baada ya wiki hivi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumgombeza Kimeli kwamba ng'ombe hawakukamuliwa vizuri. Ya pili ilikuwa kusimama mlangoni na kumwita Rebeccah, aliyekuwa akipita njiani, aingie kwa chai. Krismasi ilipofika waliongoza pamoja, wakipokezana beti, na Mwalimu Obure akakosa kazi ya kuchagua.