Zawadi ya Kufungua Kinywa

Picha ya Nermin wameitundika shuleni, juu ya mlango, na kila anayepita chini yake lazima asimame asifu. Mwalimu Nermin alitufungua macho. Mwalimu Nermin alitufundisha kula mezani. Sawa, alifundisha, sikatai. Lakini mimi niliishi naye nyumba moja, mume wake na wangu ni ndugu wa tumbo moja, na mimi Elmas nina yangu ya kusema. Mtasema ni wivu. Ndiyo, ni wivu. Kwa umri huu nimwogope nani?

Niliolewa na Durali, mtoto mkubwa wa Rüstem Ağa, hata jino la mwisho sijaota. Kijiji chetu kiko juu kule, ukishaupita mji wa Yozgat, katikati ya Uturuki, kwenye upepo. Zamani kwetu bibi arusi hakumsemesha baba mkwe, hata salamu. Sauti yake haikutakiwa kufika masikioni mwa mzee mpaka mzee mwenyewe aridhike naye, amwite mbele ya watu, ampe zawadi na kumwambia, "Sema, binti yangu." Mwingine hupewa pete, mwingine ndama. Siku hiyo ndipo unakuwa mtu wa nyumba ile. Jirani yangu Sakine tuliolewa vuli moja. Mwaka wa pili tu akapewa ndama jike mwenye paji jeupe, na tangu hapo mdomo wake haujapumzika.

Mimi nikangoja. Nilikuwa namnong'oneza mama mkwe, Hürü, naye anapeleka maneno: "Bibi arusi anauliza, akuongeze supu?" Rüstem Ağa anamjibu Hürü, mimi hanitazami. Akitoka shambani namwosha miguu. Namwokea mkate ule mwembamba anaoupenda, ulioiva zaidi upande mmoja. Siku moja amesinzia karibu na jiko la kuni, ncha ya koti lake ikashika moto. Ungekuwa wewe ungepiga ukelele. Mimi nikapiga makofi! Nikapiga makofi kama kichaa, na alipokuwa haamki nikammwagia ndoo nzima ya mtindi. Akaamka analowa, akamwambia Hürü, "Mwambie huyu aache fujo ndani ya nyumba." Nikasema moyoni, akishaona koti lilivyoungua ataniita. Koti aliliona, lakini hakuniita. Nikazaa, nikawafundisha wanangu kusema, na wao wakawa wanapiga soga na babu yao huku mimi nimesimama na sinia mkononi.

Sasa huyo Rüstem Ağa, mambo ya Ulaya alikuwa hataki hata kuyasikia. Kofia za maofisa wa mjini aliziita sufuria. Viti alisema ni vya watu wenye magoti mabovu. Mwanamke anayekaa kuongea na wanaume, huyo ndiyo kabisa, alikuwa anatema mate chini. Kwa hiyo shemeji yangu Nejat alipoleta habari kwamba ameoa mwalimu mwenzake kutoka Izmir, na wamepangiwa shule ya kijijini kwetu, mimi nilifurahi mno. Nikajisemea, na aje huyo, mzee aone tofauti.

Akaja. Alishuka kwenye lori kichwa wazi, nywele zimekatwa usawa wa masikio, sketi imeishia magotini, viti viwili na redio nyuma yake. Alitakiwa ainame, aubusu mkono wa mzee na kuuweka kwenye paji la uso. Yeye akaunyakua mkono akautikisa, kama dalali wa ng'ombe sokoni.

"Hujambo baba! Nejat ananiambia eti wewe unauma. Kweli?"

Hürü akajifunika mdomo kwa ncha ya kitambaa. Mimi nikashika nguzo, nangoja mbingu ianguke. Rüstem Ağa akautazama mkono wake, akamtazama yule binti, halafu akacheka. Akacheka mpaka akakohoa.

"Nauma wabaya tu," akasema. "Karibu, binti yangu."

Binti yangu! Hivi hivi, vumbi la lori halijatua.

Tangu siku hiyo nyumba ikageuka. Mzee wa sufuria na magoti mabovu akawa anakaa kwenye kiti, redio sikioni, Nermin mbele yake kwenye kiti cha pili, wanacheza tavla, mchezo wa dadu na kete ubaoni, wanarushiana matusi ya utani.

"Baba, unaiba! Nimekuona!"

"Umeona nini? Umekata nywele, na akili ikaenda nazo."

"Akili ipo, baba yangu, ndiyo hii inayokufunga tangu asubuhi."

Naye anacheka. Mimi niko nyuma ya mlango na birika la chai, nasikiliza. Watu hudhani mwanamke huonea wivu mume tu. Loo! Mimi nilionea wivu masikio ya mzee. Kila neno la Nermin lilipokelewa, hata la upuuzi, hata alipouliza kondoo hulala saa ngapi, na mimi niliyekuwa na maneno ya miaka kifuani, kazi yangu kumimina chai. Nilitamani redio iungue. Nilitamani kiti kivunjike naye akiwa juu yake, avunjike na meno.

Nikamwambia mume wangu, "Baba yako amesahau kwamba nipo?"

Durali akasema, "Mwache mzee afurahi kidogo."

"Na mimi nifurahi lini?"

Akavaa viatu akaenda kutazama ng'ombe. Huyo ndiye Durali wangu.

Ubaya ni kwamba Nermin mwenyewe hakuwa mbaya. Angekuwa na kiburi ningelala usingizi. Siku moja tunakula mchana, nimeweka bulgur, ngano ya kupondwa, na maharage, nimerudi nyuma kusimama ukutani na birika, yeye akaweka kijiko chini.

"Baba, dada Elmas mbona hasemi mbele yako? Hii ni Jamhuri bwana. Wanawake tunapiga kura. Mpaka lini?"

Nikahisi damu yote imepanda usoni. Rüstem Ağa akatafuna, akameza, akanitazama kwanza mimi, halafu yeye.

"Asiseme kwa nini?" akasema. "Nani kamkataza? Aseme tu."

Nani kamkataza! Nusura niliachie birika. Nermin akadhani ni furaha. Akavua saa yake ya mkononi, akamsukumia mzee chini ya ukingo wa sinia, kama vile sisi wengine ni vipofu, akamnong'oneza, "Zawadi, baba, mpe zawadi." Mzee akaiinua saa ile ndogo ya kike, akainyoosha kwangu.

"Haya, chukua. Sema."

Hürü akanifinya. "Chukua, mjinga wewe!"

Sikuchukua. Nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwa mtu yule, aniite kwa hiari yake, kwa hamu ya kunisikia mimi. Sikutaka kuombewa, wala kutupiwa saa ya mwanamke mwenzangu, bado ina joto la mkono wake. Nikainua sinia nikatoka, nikakanda unga usiokuwa na kazi yoyote. Nyuma yangu nikamsikia mzee akisema, "Mnaona? Mwenyewe hataki." Kisha wakarudi kwenye tavla.

Basi nikaendelea na ukimya wangu, na sasa ulikuwa wangu kweli. Nermin aliniomba radhi hata hakujua kwa kosa gani. Baadaye serikali ikawahamishia Denizli. Alilia akimkumbatia mzee, akamwachia kiti kimoja na redio. Redio ikafa kabla ya theluji. Kiti mzee alikiweka mbele yake, hakuna aliyeruhusiwa kukikalia, na mara nyingi nilimkuta amepanga dadu, anakitazama.

Hürü akatutangulia. Sasa hata wa kumnong'oneza sikuwa naye; nikawa naongea na baba mkwe kwa mikono, nagonga sahani ajue chakula kipo. Halafu macho ya mzee yakaanza kupofuka, moja kisha la pili, na mikono yangu haikumfaa tena.

Ilikuwa asubuhi, Durali amekwenda kumfuata daktari, wanangu wako shule. Mzee ana homa ya siku kadhaa. Nimeingia na supu, akasikia mlango.

"Nani?"

Nikagonga kijiko kwenye bakuli, kama kawaida yangu. Hakusikia, au hakuelewa.

"Nani yuko hapo? Kuna mtu?" Akanyoosha mkono hewani, anapapasa. Sikuwahi kumwona Rüstem Ağa akiogopa. "Jamani, kuna mtu? Semeni basi!"

Hakuwa na pete wala ndama. Lakini alikuwa anaomba mwenyewe, hakuna aliyemsukuma. Nikaushika mkono wake.

"Nipo, baba," nikasema.

Uso wake ukafunguka wote. Mpaka leo nauona.

"Nermin!" akasema. "Umekuja, binti yangu!"

Kumbe angejuaje? Katika maisha yake sauti moja tu ya mkamwana ndiyo iliyomsemesha.

"Ni Elmas, baba. Mimi ni Elmas."

Akacheka ule ule mcheko wa siku ya lori, na kikohozi chake. "Acha utani wako. Elmas hasemi." Akanivuta mkono. "Nilimwambia aseme, akakataa. Sijui nilimkosea nini. Kaa, kaa kitini kwako, nipe habari."

Nikakikalia kile kiti. Nikamnywesha supu kijiko kwa kijiko, nikampa habari za Denizli, mji ambao sijautia machoni, maduka yake, shule yake, mvua yake. Akala akamaliza. Akanitania, nikamtania. Kila aliposema "Nermin" nilisikia kisu, na kila alipocheka nilitaka acheke tena. Durali aliporudi na daktari, mzee alikuwa ameshalala usingizi ambao hakuamka.

Nermin alikuja mazishini, macho yamevimba. Akanivuta pembeni, karibu na nguzo ile ile niliyoishika siku aliyofika.

"Dada Elmas, wewe ndiye uliyekuwa naye. Baba alinitaja? Hata mara moja?"

Kinywa changu kilikuwa kimeshafunguliwa. Hakuna wa kunizuia tena ndani ya nyumba ile. Nikamtazama, nikainua nyusi na kidevu juu, kama kwetu tunavyosema hapana bila kutoa sauti.