Kidole Kilichogusa Prosesa ya Pendo

Kabla hujacheka, kishike kwanza kidole changu hiki cha shahada. Cha baridi, sivyo? Basi tulia nikusimulie, na usinikatize kuniuliza kama yule mtu alikuwa na kwato. Kila ninayemsimulia ananiuliza kwato! Miguu nilimtazama. Alivaa raba nyeupe, zimefungwa kamba vizuri. Haya.

Ilikuwa miaka ya tisini, biashara imeshafunguliwa, kompyuta zilizotumika zikaanza kumiminika Kariakoo kutoka Dubai. Mimi nilikuwa fundi, nina meza yangu ndani ya duka la mtu upande wa Mnazi Mmoja. Watu walitaka mashine za kasi, na mzigo uliokuja ulikuwa wa mashine za polepole. Kwa hiyo tulikuwa na mchezo tuliouita kupandisha cheo. Unachukua prosesa, ule ubongo wa kompyuta, imeandikwa kasi yake, 166. Unafuta maandishi kwa msasa laini, unapiga mapya: 233. Kisha unailazimisha ikimbie hivyo hivyo. Inakimbia, ila inachemka, na ikichemka kompyuta inaganda. Mteja akirudi kulalamika, unamwambia ni umeme wetu huu.

Moja ya hizo nilimfungia dada aitwaye Pendo, mtu wa Songea, aliyefungua ofisi ya uchapaji mtaa wa Gerezani, hapo hapo jirani. Alirudi mara tatu. Mara ya tatu alikuwa karibu kulia, kwa sababu barua ya mteja ilipotea yote wakati amebakiza mistari miwili.

"Kaka, watu wananikimbia. Hii ofisi ikifa, mimi narudi kwetu."

Nikamwambia ni umeme.

Ijumaa ya wiki hiyo, saa saba mchana, wenzangu wameenda msikitini na mtaa umepoa, akaingia mzee nisiyemjua. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Hakuitikia, na hilo peke yake lilinikera. Akafungua leso, ndani mna prosesa.

"Inaganda," akasema.

Unajua nilivyokuwa nimelichoka neno hilo? Nikaipachika kwenye mashine ya majaribio, nikawasha bila feni, nikaweka kidole juu yake. Ndivyo mafundi tulivyopima. Ikipata joto haraka, ujue ni nzima. Niamini, hii ilipata baridi. Ilikuwa kama soda iliyolala kwenye barafu.

"Ya ngapi hii?" mzee akauliza.

Mtu mwenye akili zake angesema sijui. Mimi nikamwonyesha namba. "Si imeandikwa, mzee? Mia mbili thelathini na tatu."

Baridi ikapanda hadi pingili ya kwanza.

"Ya ngapi?"

"Mzee, unanichosha! Mia mbili thelathini na tatu!"

Ikafika pingili ya pili, na kidole kikawa hakibanduki. Mzee hata hakupandisha sauti.

"Basi kamwambie aliyeinunua," akasema, akatoka zake.

Hapo kidole kikaachia. Nikaichomoa prosesa na kuigeuza. Chini, kando ya pini, palikuwa na doa la rangi nyekundu ya kucha. Ilikuwa alama yangu. Kila fundi alikuwa na yake, asije akaletewa kifaa cha fundi mwingine. Yangu ilikuwa doa la rangi ya kucha, rangi yoyote iliyopatikana, na nyekundu niliitumia mara moja tu, kwenye prosesa ya Pendo.

Nikaitia mfukoni, nikakimbia hadi Gerezani. Nikamkuta Pendo anachapa, wateja wawili wanasubiri.

"Karibu, fundi! Tangu saa ile ya swala haijaganda hata mara moja."

Nikaomba kuitazama. Nikafungua kifuniko bila kuizima. Feni inaning'inia pembeni, na pale prosesa inapokaa patupu kabisa. Na mashine inafanya kazi!

"Kwani ilikuwa na nini?" Pendo akaniuliza.

Sentensi moja tu ingetosha. Prosesa ninayo mfukoni, mwenyewe ananitazama kwa shukrani. Unajua nilimjibu nini?

"Feni ililegea."

Najichukia hadi leo. Baridi ikakimaliza kidole chote, na haijatoka tena. Nimekiunguza kwa pasi, kwa chai, kwa prosesa za watu, naona lengelenge kabla sijahisi chochote. Fundi asiyejua joto ni fundi gani? Kompyuta yenyewe haikuganda tena mpaka Pendo alipoamua kununua nyingine. Na ananisifu! Kila akiniletea mteja anamwambia, "Huyu ndiye fundi mkweli Kariakoo nzima." Nakereka karibu nipige kelele, na bado nanyamaza.

Kwa hiyo wewe unayewafungia watu kompyuta, ukiulizwa ya ngapi, taja ya kweli, tena mara ya kwanza, na umtajie aliyeinunua. Kuwaambia watu wengine hakusaidii. Nimewasimulia wengi nikitegemea kidole kitapata joto. Haya, nimekusimulia na wewe. Kishike tena. Unaona? Bado cha baridi. Na ofisi ya Pendo ni hatua chache tu kutoka hapa.