Nyumba Inauzwa, Dada Yumo Ndani

Mzee alipokuwa hai alimwita binti yake wa kati Nguzo, na ndugu zake wakalidaka jina hilo kwa mzaha. "Nguzo haihami," walisema kila mmoja alipofungasha virago. Kaka mkubwa akaenda kuanza maisha yake, kitinda mimba akaolewa, Nguzo akabaki katika ile nyumba ya ghorofa karibu na ufuo, yenye vyumba vingi hata mgeni alipotea akitafuta choo.

Alimuuguza baba mpaka akamzika. Kisha mama akapooza upande mmoja, na Nguzo akawa analala sakafuni kando ya kitanda chake ili amsikie akikohoa. Mchumba alikuwepo, fundi wa majokofu, mtu mpole. Alisubiri, akachoka, akaoa kwingine. Nguzo hakumlaumu.

Mama alipofariki, viti vya msiba havijarudishwa, kaka mkubwa alishamleta dalali. Dalali alizunguka akigonga kuta kama mtu anayechagua tikiti maji. Alisifu roshani, akasifu upepo. Mlangoni mwa chumba cha mama akaziba pua.

"Hapa pananuka mgonjwa, bosi. Mteja hanunui ugonjwa. Ananunua bahari."

Ikawa kazi ya Nguzo kuisugua harufu ya mama yake mpaka itoke. Godoro lililokuwa limebonyea kwa umbo la mama alilichoma mwenyewe uani. Nondo za madirisha zilizoliwa na chumvi alizikwangua kutu akazipaka rangi, mikono ikamchubuka.

"Na fungu langu, kaka?" aliuliza mara moja tu.

"Nitakutunzia. Wewe umeshika fedha lini? Tena umekaa humu bure miaka yote, mbona hatukusema?"

Kitinda mimba, aliyekuwa akichagua sahani za mama za kwenda nazo kwake, akaitikia: "Kweli, dada. Tungekuwa watu wa kuhesabiana, wewe ndiye ungedaiwa."

Wanunuzi walikuja mume na mke. Walimkuta Nguzo kwenye ngazi, kitambaa kichwani, ndoo mkononi.

"Na huyu?" mke akauliza.

"Huyu ni dada," kaka akajibu.

Wala hakudanganya, walitoka tumbo moja. Lakini kuna dada na dada, na yule mke mnunuzi alisikia dada wa kazi. Nguzo akamtazama kaka yake, akingoja amalizie. Kaka akageuka kutazama bahari.

"Anajua kupika?"

"Usiseme! Kupika, kuuguza, bustani. Nyumba hii anaijua ndani nje."

"Basi tunamchukua pamoja na nyumba."

Walipoondoka, Nguzo alishindwa hata kuweka ndoo chini. "Kaka, umeniuza?"

"Nimekutafutia kazi. Unakula, unalala, hata geti huvuki. Kwa umri huo nani mwingine angekuajiri? Shukuru."

Hakuwa na pa kwenda. Akahamia stoo ya uani, baba alikokuwa akiweka makopo ya rangi. Bibi mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya. Siku ya kwanza alimfundisha kwa upole namna ya kuusukuma mlango wa jikoni usikwaruze, mlango ambao Nguzo aliusukuma tangu hajalifikia komeo. "Ndiyo, mama," akajibu.

Kaka akawa rafiki wa nyumba. Jumapili moja alialikwa chakula cha mchana, akaketi alipokuwa akiketi baba.

"Hukutudanganya," bibi akamwambia. "Huyu dada ni dhahabu."

Kaka akacheka, akanyoosha glasi ajaziwe maji, macho yake yasimfikie Nguzo aliyeshika jagi. Nguzo akamimina. Glasi ikajaa, akazidi kumimina, maji yakamtiririkia kaka mapajani.

"Mama," akasema, "huyu ni kaka yangu. Baba mmoja, mama mmoja. Mama yetu alifia pale mlipoweka televisheni."

Bwana akaweka kijiko chini. Kaka akapangusa suruali yake, akasema ukoo wao ni mkubwa, ndugu ni wengi.

Bibi alilia, na alilia kweli. Asubuhi akamwita Nguzo sebuleni.

"Siwezi tena kukutuma. Nitakutazamaje ukifagia sebule ya baba yako? Nitaona haya kila siku. Bora uondoke."

"Mimi sioni haya, mama. Niache nifagie."

"Lakini mimi naona."

Akampa mfuko wa nguo alizozichoka, dereva akamwacha barabara kuu. Hapo hapo kando ya barabara, Nguzo akampigia kaka simu.

"Mdomo umekiponza kichwa," kaka akamwambia. "Nilikupa kazi na mahali pa kulala kwa mkupuo mmoja, ukavitema."

"Basi nipe fungu langu."

"Fungu lako limo kwenye msingi wa nyumba yangu. Liko salama, halitikisiki."

"Nije nikae kwako, basi."

"Watoto wamejaa," akasema, akakata simu.

Siku hizi Nguzo amepanga chumba nyuma ya duka la mbao, mbali na ufuo, anawapigia watu nguo pasi. Kitinda mimba ni mmoja wa wateja wake. Husimamisha gari nje, hapigi hodi wala hashuki, hupiga honi tu. Nguzo hutoka mbio kupokea furushi, maana mteja ni mteja, na mashati ya shemeji yake ni mengi.